Tawi lisilobashirika halihitaji likely

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amejaza `likely` na `unlikely` kwenye msimbo wake wote, yaani vidokezo vya kuiambia kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine) kama sharti la tawi, mfano `if`, hutimia mara nyingi au mara chache, na programu haijaongeza kasi hata chembe. Swali lake limenigusa, maana wiki hii badiliko langu la msimbo limekubaliwa baada ya mkaguzi wake kulikataa akidai vidokezo vya kompaila ni mapambo matupu.

Si mapambo. Tatizo ni kuviweka pasipo pake. `__builtin_expect` ya GCC, ambayo ndiyo msingi wa `likely` ya kerneli ya Linux, huieleza kompaila njia inayopitwa mara nyingi, nayo huipanga njia hiyo mfululizo na kuisukuma ile adimu pembeni. Inafaa sana kwenye ukaguzi wa makosa. Tawi langu lilikuwa la chujio: kila thamani inalinganishwa na kizingiti, data imekuja shaghalabaghala, karibu nusu inapita na nusu inakataliwa. Utapendelea upande gani hapo? Prosesa inabashiri upande kabla ya kujua jibu, inakosea, inatupa kazi iliyokwisha kuianza, na kwenye prosesa nyingi za kisasa kila kosa hugharimu takriban mizunguko 15 hadi 20 ya saa.

Nikaweka `__builtin_unpredictable` ya kompaila ya Clang, inayosema tawi hili halibashiriki. Kompaila ikaacha kutumia mruko, ikatumia `cmov`, amri ya mashine inayochagua moja ya thamani mbili bila kuruka, iliyoingia kwenye x86 na Pentium Pro mwaka 1995. Vipimo vya kabla na baada sitawachosha navyo. Makosa ya ubashiri yaliporomoka, na mkaguzi akaidhinisha bila neno lolote. Nimefurahi, lakini ule ukimya bado unaniuma.

Kwa hiyo jamani, pimeni! Endesha programu yako kwa `perf stat -e branches,branch-misses`, zana ya Linux inayohesabu matawi na makosa ya ubashiri, kabla ya kugusa mstari wowote. Kisha soma asembli, yaani amri za mashine alizotoa kompaila, kwa sababu kidokezo si amri na kompaila ina ruhusa ya kukipuuza. Wala usiipende `cmov` kupita kiasi: hulazimika kusubiri thamani zote mbili, hivyo tawi linalobashirika vizuri huishinda. Kama una data inayofanana na ya kazini, jenga kwa `-fprofile-generate` ili programu irekodi njia inazopita, endesha, ujenge tena kwa `-fprofile-use`. Kompaila itajifunza yenyewe uzito wa kila tawi.

Nawe uliyeniandikia, ondoa vidokezo vyote leo. Urudishe kimoja kimoja, na kila kimoja kije na kipimo chake.