Mkojo umerudi, kreatinini bado iko juu: yaliyonikuta mimi

Dada, pole kwa kuuguza. Umesema mdogo wako alikaa siku 6 bila mkojo wa maana baada ya kuhara, sasa anakojoa zaidi ya lita 4 kwa siku, ila kreatinini, yaani taka ya damu inayopimwa kuona figo zinasafisha kiasi gani, bado imevuka 700. Ndugu wanasema kapona arudi nyumbani. Msimtoe kwanza. Mimi figo zangu ziligoma mwaka 2017 kwa malaria kali, nikasafishwa damu mara 3, na kipindi hicho cha mkojo mwingi ndicho kilichotaka kunimaliza.

Figo ina vichujio, halafu kuna mirija midogo inayorudisha mwilini maji na chumvi. Mirija ikiumia, hata vichujio vikianza kazi, maji yanapita tu. Mkojo unatoka mweupe kama maji ya bomba, huku sumu nyingi imebaki ndani. Uwezo wa kuukoleza hurudi mwishoni.

Mke wangu alipima wangu kwa jagi la plastiki lenye alama, anaandika kwenye daftari la shule la mwanetu. Siku ya 12: lita 4.2, kreatinini 810, juu kuliko ya jana yake. Alilia pale korido. Daktari akamwambia namba hiyo huchelewa kuufuata mkojo. Siku 4 baadaye ikawa 640, kisha 390.

Shangazi yangu, kwa mapenzi tu, alinikataza kunywa maji eti figo zipumzike. Nilimsikiliza siku moja na nusu. Midomo ikakauka, nikisimama naona giza, presha ikashuka, na kreatinini iliyokuwa inateremka ikasimama. Potasiamu, chumvi ya damu inayoendesha misuli na moyo, nayo ilikuwa imeshuka, misuli ya miguu ikilegea. Wakanirudisha kwenye dripu. Kwa hiyo anywe kiasi anachopangiwa na daktari kila siku. Ndizi na madafu, vyenye potasiamu nyingi, alivyokatazwa mwanzoni, msimpe mpaka muulize, maana sasa potasiamu inaweza kuwa juu au chini.

Nyumbani niliamka kukojoa mara 4 kwa usiku karibu mwezi mzima. Baada ya miezi 3 kreatinini ilisoma 104. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu zinazoweza kuumiza figo, sijagusa tena, hata jino likiuma.

Leo muulizeni daktari potasiamu ni ngapi, na kila asubuhi apimwe uzito kabla ya chai. Ukishuka kilo nzima kwa siku moja, mwambieni nesi palepale.