Mzee akikujibu "naam", usidhani ameelewa

Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Lamu zaidi ya miaka kumi, mingi katika kliniki ya kisukari na presha. Nawaandikia wauguzi wenzangu, na nyinyi mnaowapeleka wazee wenu hospitali. Kosa nitakalolieleza ni langu, na bado huniuma.

Alikuwa nahodha, mtu wa upande wa Pate, aliyeacha bahari kwa sababu ya mato, kama anavyoyaita macho mwenyewe. Kila mwezi alipanda boti ya alfajiri kuja kliniki. Tunapenda sukari ya mtu mzima kabla ya kula iwe kati ya 4 na 7 (milimoli kwa lita ya damu). Yake ilikuwa 17, 18, siku moja 21. Namwuliza, wajidunga insulini? "Naam, mwanangu." Asubuhi na jioni? "Naam." Umeelewa masharti? "Naam." Nami nikaandika kwenye kadi yake: hafuati matibabu. Niliandika hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilimsema mbele ya foleni nzima, mtu wa rika la babangu, naye akavua kofia akaishika magotini, asinijibu kitu.

Mwezi uliofuata kusi lilivuma sana, boti chache zikaingia, benchi likawa karibu tupu. Yeye alikuwa amelala mjini kwa mpwawe. Kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nikamwambia, "Baba, hebu nionyeshe unavyojidunga, tangu unapoishika chupa."

Akanawa mikono. Akaibingirisha chupa katikati ya viganja, polepole, mpaka dawa ikawa nyeupe sawasawa. Akavuta kipimo chake, akagonga bomba kwa ukucha kutoa mapovu. Wanagenzi wetu hawafanyi vizuri hivyo. Kisha akapandisha fulana, akapima vidole viwili kushoto kwa kitovu, akadunga. Nilipomaliza kumtazama nikapapasa pale mahali. Palikuwa na kinundu kigumu, kikubwa kama tende kavu.

"Baba, wadunga hapa tu siku zote?"

"Si mulinambia hapa?"

Ni kweli. Siku ya kwanza mmoja wetu alimwekea kidole tumboni akamwambia "dunga hapa", asiongeze neno. Miaka miwili mzee akashika neno lile. Insulini ikidungwa mahali pamoja kila siku, mafuta yaliyo chini ya ngozi huvimba na kuwa magumu, na dawa ikiingia humo haifiki kwenye damu inavyotakiwa. Ndiyo sababu mtu hujidunga kwa zamu: tumbo upande huu, kesho kando kidogo, mapajani, akiacha nafasi ya kidole au zaidi kila mara. Na mwenye kinundu asihamishe sindano kwa dozi ileile kabla ya kusema na daktari, kwa sababu ngozi nzima hunyonya dawa vizuri na sukari yaweza kushuka ghafla. Mzee wangu alipunguziwa dozi kwanza, tukampima mara nyingi zaidi wiki zile za mwanzo, na tarakimu zikaanza kushuka.

Nilimwomba radhi kwenye benchi lilelile nililomsemea, watu wakisikia. Niliona ndiyo haki yake.

Tangu hapo sijamwuliza mtu "umeelewa?". Huku kwetu naam ni heshima kabla ya kuwa jibu. Mtu mzima hatamwambia binti aliyevaa sare kwamba hakueleza vizuri. Kwa hiyo mzigo nauchukua mimi: "Nataka kujua kama nimeeleza sawa. Ukifika nyumbani wakikuuliza hospitali wamesemaje, utawajibuje?" Kama ni kitu cha mikono, nionyeshe. Dakika tatu zinatosha, na zinaokoa miezi.

Halafu kuna kusikiliza kwenyewe. Mzee wa huku haanzi na ugonjwa. Ataanza na salamu, atauliza wazazi wako hawajambo, ataitaja bahari, na maradhi yatakuja baadaye, tena kwa mzunguko. Ukianza kuandika wakati wa salamu, umemwambia anyamaze. Weka kalamu chini. Nayo pazia uivute: kuna mama aliyenificha kidonda cha mguu kwa miezi kwa sababu mlango wetu hukaa wazi na shemejiye alikuwa foleni.

Tuulize pia yale ambayo watu huona haya kututajia. "Kando na dawa zetu, watumia nini?" Habasoda, mwarobaini, shubiri, kombe kwa mwalimu, yale maji yaliyooshea aya za Qurani. Ukikunja uso mara moja tu, hutaambiwa tena, nawe utabaki kushangaa sukari inashuka kwa nini. Uliza dawa inawekwa wapi. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, isigande. Iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya friji, mbali na joto kali, kwa muda wa wiki nne hivi. Nyumba isiyo na friji, chungu cha udongo kilicholoweshwa, kivulini, kinafaa. Barafu ya samaki haifai kabisa. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka, na nimewahi kuletewa kutoka humo humo.

Na Ramadhani. Wagonjwa wengi hawatuulizi kwa sababu wanajua tutasema "usifunge" na kufunga mjadala. Basi hufunga kimyakimya na kujipunguzia dawa kwa kukisia. Mimi naanza kuwauliza tangu Rajabu, ili daktari apate muda wa kupanga dawa upya. Wengine nawaambia wazi kwamba hali yao hairuhusu, na Qurani yenyewe, katika Sura ya Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Anayefunga ajue hivi: kujitoboa kidole kupima hakuvunji saumu, kwa kauli ya wanazuoni wengi, na sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7 afungue papo hapo, hata kama magharibi imebaki robo saa.

Nyinyi jamaa, njooni na dawa zote ndani ya mfuko, hata za kienyeji. Aje yule anayepika. Na msione haya kusema "rudia, sikufahamu". Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inatutaka tumweleze mgonjwa kwa lugha anayoifahamu, tukizingatia kiwango chake cha kusoma, kwa hivyo hamtuombi hisani.

Siku hizi kabla mtu hajaondoka namwuliza, "Kuna nini sikukuuliza?" Kisha nanyamaza, hata kama kimya kinarefuka. Juzi mama mmoja wa Matondoni alikaa kitambo, akafunga buibui lake vizuri, akasema, "Hukuniuliza kama naziona hizo nambari za bomba." Alikuwa hazioni. Alikuwa akivuta kwa kukadiria. Tukamwandikia aende kupimwa macho, na kesho yake akarudi na mjukuu wake wa darasa la sita. Mtoto alivuta yuniti kumi na mbili mbele yangu mara tatu, akihesabu kwa sauti, bibi yake akimsikiliza.