Kulea seli shina Nairobi: anza na gesi

Maelekezo mengi ya kukuza seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli, yameandikwa na watu wanaofanya kazi karibu na usawa wa bahari. Hayasemi hivyo popote, ndiyo maana mwanafunzi anayeanza katika kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi huyafuata neno kwa neno, kisha akabaki kulaumu seli. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 82, ilhali Mombasa ni 101.

Miongozo mingi hutaja asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi ndani ya inkubeta, kabati la joto la kukuzia seli. Lakini gesi inayoyeyuka kwenye lishe, kimiminika kinacholisha seli, hufuata presha yake, si asilimia. Kwa hiyo asilimia 5 ya Nairobi ina upungufu wa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa, na pH ya lishe (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) hupanda kwa takriban 0.1. Kufidia kunahitaji asilimia 6 na kidogo. Ila kabla hujagusa kitufe, tafuta inkubeta yako ina kihisi cha aina gani. Kihisi cha infraredi ambacho hakikurekebishwa kwa mwinuko huhesabu molekuli, hivyo kikionyesha 5 huenda tayari kimeingiza gesi ya kutosha. Ukiongeza tena, umefidia mara mbili na lishe itaelekea asidi.

Sisi huamini lishe yenyewe kuliko skrini. Weka mililita 10 kwenye chupa ya kukuzia, legeza kifuniko, iache ndani ya inkubeta usiku kucha. Asubuhi pima pH mara tu unapoitoa. Ukikawia dakika chache gesi hutoroka na namba hupanda. Tafuta 7.2 hadi 7.4. Angalia pia bikaboneti, chumvi inayopunguza asidi ya lishe. DMEM, aina moja ya lishe, kwa kawaida ina gramu 3.7 kwa lita, kiasi kilichopangiwa asilimia 10 ya gesi, na hapa kwetu huwahi kugeuka rangi ya waridi, dalili kwamba pH imepanda. Alpha-MEM, aina nyingine ya lishe, ina gramu 2.2, na kwa seli shina za mesenkaima (zinazoweza kuwa mfupa, gegedu au mafuta), ziwe za kitovu au za mafuta, ndiyo tunayoipendelea.

Mwinuko huohuo unaochelewesha githeri kuiva huharibu pia kazi ya otoklevu, chombo cha kuua viini kwa mvuke wa presha. Maji ya Nairobi huchemka karibu nyuzi 94. Geji ya presha ikisoma psi 15, ambazo usawa wa bahari zingekupa nyuzi 121, hapa utapata kama 118. Peleka hadi psi 18 hivi, au bora zaidi fuata kipimajoto, mradi mashine imeundwa kuhimili presha hiyo.

Stima ikipotea, usifungue inkubeta. Mlango ukibaki umefungwa, joto hushuka polepole. Kila ukichungulia, unapoteza gesi na unyevu ambavyo mashine haiwezi kurudisha. UPS (betri ya akiba) ya inkubeta si ghali sana. Ya friza ya nyuzi −80 ni habari nyingine, kwa sababu kompresa ikiwaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, kwa hiyo friza iunganishwe na jenereta. Jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji yaliyoganda. Na usisahau stebilaiza: umeme unaporudi kwa kishindo ndipo bodi za mashine huungua.

Adui mkubwa zaidi haonekani. Mikoplazma, bakteria wadogo mno, haifanyi lishe ipoteze uangavu kama bakteria wengine. Haina ukuta wa seli, hivyo penisilini haiigusi, na hupenya kichujio cha mikromita 0.22. Utaona tu seli zinazidi kuzembea. Pima kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA yake, kila mwezi, na kila seli mpya ikae kwenye inkubeta ya karantini hadi majibu yatoke. Maabara zinazotia antibayotiki siku zote hujificha ugonjwa zenyewe. Chupa ikipatikana nayo, itupe. Kuitibu kunawezekana, lakini mara chache seli hizo hustahili gharama.

Gawanya seli kwenye chupa mpya zikifunika asilimia 70 hadi 80 ya chupa. Osha kwanza kwa PBS (maji ya chumvi), maana seramu ya lishe iliyobaki huzima tripsini, kimeng'enya kinachobandua seli kwenye chupa, na hilo ndilo hufanya wengi waongeze muda bure. Dakika 3 hadi 5 kwa nyuzi 37 zinatosha. Zizungushe kwenye sentrifuji kwa 300 g (mara 300 ya nguvu ya mvutano) dakika 5. Panga mahesabu ili siku ya kugawanya isiangukie Jumapili, kwani seli hazina sikukuu.

Za kugandisha, chukua zile za mgawanyo wa pili au wa tatu, zingali zinakua kwa kasi. Tumia DMSO, kimiminika kinachokinga seli zisiumizwe na barafu, asilimia 10, ikiwa baridi, na upoze kwa nyuzi 1 kila dakika hadi −80. Kesho yake zihamishie kwenye nitrojeni iliyo kimiminika. Lita 1 ya nitrojeni hiyo hutoa karibu lita 700 za gesi usawa wa bahari, na zaidi hapa, kwa hiyo chumba kisicho na madirisha wala kengele ya oksijeni kinaweza kuua mtu. Gawa vichupa kwenye matangi mawili, ikiwezekana katika majengo tofauti, na fimbo ya kupimia kina cha nitrojeni itumike kila Jumatatu na jina la aliyepima liandikwe.