Amplifaya ndogo ya klasi D: anza na koili

Watu wakitaka kuunda amplifaya ya klasi D huniuliza wanunue IC (chipu) gani. Mimi huwauliza koili wanaitoa wapi. Transista za amplifaya hii hazikai nusu wazi kama ndani ya TDA2030, ile IC ya amplifaya ya kawaida inayounguza vidole. Zinawaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde, ndiyo maana hazichemki na betri ya sola inakaa na chaji muda mrefu. Kuugeuza mkatokato huo kuwa muziki tena ni kazi ya koili na kapasita.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu. Kwa betri ya volti 12, mosfeti mbili (ndizo transista zetu) na spika ya omu 4, utapata wati 4 na ushei, basi. Sebuleni zinatosha kabisa. Anayekutajia wati 100 kwa vifaa hivyo anakuuzia stika.

Saketi yangu ni ya kawaida: wimbi la pembetatu la kilohezi 300, LM311 ya kulilinganisha na sauti, IR2110 ya kusukuma mosfeti. Weka mwanya mfupi kati ya kuzimika kwa mosfeti moja na kuwaka kwa nyingine, maana zikiwaka pamoja, chanya na hasi zimekutana.

Sasa koili. Chukua pete nyekundu ya unga wa chuma, ya T106-2, zungusha waya wa shaba wa milimita 0.8 mara 40, ukiupanga safu moja bila kupandana. Hiyo ni karibu mikrohenri 22. Iunge na kapasita ya filamu ya mikrofaradi 0.68, na kabla ya spika weka ya elektroliti ya mikrofaradi 1000 au zaidi, izuie umeme wa moja kwa moja (DC). Pete ya njano yenye upande mweupe, ya kwenye pawasaplai ya kompyuta mbovu, inavutia kwa sababu ni ya bure. Iache. Kwa kilohezi 300 inachemka yenyewe, na zile wati ulizookoa kwenye mosfeti zinaishia humo.

Kapasita ya nanofaradi 100, ya kati ya chanya na hasi, ikae miguuni kabisa pa mosfeti. Sentimita tano za waya hapo ni nyingi mno.

Siku ya kuwasha, pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 wati 21. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, chomoa betri, kuna shoti. Ikimulika kidogo na kuzimika, endelea.

Kisha washa redio ya AM karibu yake. Kilohezi 300 ina watoto wake, yaani mazidisho yake, 600, 900, 1200 na 1500, wote ndani ya masafa ya kati, kwa hiyo redio ikinguruma hapo, fupisha waya za spika na uzisokote pamoja kabla hujagusa kitu kingine.