Mpe fundi faili la .pub tu
Ndugu, umeuliza umtumie fundi wa seva faili lipi la ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), id_ed25519 au id_ed25519.pub. Mpe lenye .pub. Huo ni ufunguo wa umma, hata ukiubandika ukutani hauna madhara. Unapoingia, kompyuta yako inatia saini kwa ufunguo wa siri, yaani lile faili lisilo na .pub, na seva inaikagua saini hiyo kwa ule wa umma. Wa siri wenyewe hausafiri kabisa. Fundi anayeuomba, mtilie shaka.

Sasa, unasema jana ulimtumia yote mawili kwa WhatsApp. Kufuta ujumbe hakusaidii, huenda keshaunakili. Tengeneza jozi mpya ya funguo kwa ssh-keygen (programu ya kutengeneza funguo hizo), uiwekee nywila, uweke .pub mpya kwenye seva, kisha ufute ule mstari wa ufunguo wa zamani ndani ya authorized_keys, faili la seva lenye orodha ya funguo za umma zinazoruhusiwa kuingia. Leo hii, usingoje Jumatatu.