Maswali ya Wasomaji: Nani Kaingia na Akaunti Yako?

Kompyuta za ofisini zimewekewa programu mpya ya ulinzi. Tumeambiwa "inafuatilia jinsi watumishi wanavyoingia". Ina maana watu wa TEHAMA wanaziona nywila zetu?
*Karani, Tanga*

Hapana. Kinachorekodiwa ni habari za kuingia kwenyewe: jina la akaunti, muda, kompyuta au anwani ya IP ulikotokea, kama umekubaliwa au umekataliwa, na njia uliyopitia. Njia hizo Windows huzipa namba. Ukikaa mbele ya kompyuta ukaandika nywila, ni 2. Ukifungua folda iliyo kwenye kompyuta nyingine, ni 3. Ukirudi kutoka kunywa chai ukafungua skrini iliyojifunga, ni 7. Ukiiendesha kompyuta ukiwa mbali, ni 10. Karani ambaye miezi yote ana 2 na 7 tu, akionekana na 10 usiku wa manane, programu hupiga kengele hata kama nywila iliyotumika ni sahihi.

Kuna mwanya mmoja, na wengi hawaujui. Ukijisahau ukaandika nywila kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, Windows itaihesabu kuwa ni jina na kuiandika wazi kwenye kumbukumbu za matukio. Ikikutokea, badilisha nywila siku hiyohiyo.

Kazi ya pili ya programu hiyo ni kulinda LSASS, sehemu ya Windows inayotunza heshi (alama ya siri inayotokana na nywila) na tiketi (vibali vya kuingilia) zako baada ya kuingia ili usiulizwe nywila kila unapofungua folda ya ofisi. Mwizi akiipata heshi, mara nyingi haihitaji nywila tena; anaiwasilisha heshi yenyewe na mlango unafunguka. Zana mashuhuri ya kuichota ni Mimikatz, iliyotolewa mwaka 2011 na Mfaransa Benjamin Delpy. Ndiyo maana programu ya ulinzi huangalia kila anayetaka kusoma kumbukumbu ya LSASS. Antivirusi ina sababu ya kugusa hapo. Faili lililoshushwa jana kutoka kwenye barua pepe halina.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye chama cha akiba na mikopo. Kila usiku naona tukio namba 4625 mamia kwa mamia, na akaunti ya mhasibu hujifunga. Tumevamiwa, au ni mfumo tu?
*Fundi, Morogoro*

Windows hulipa kila aina ya tukio namba yake, na 4625 ni kuingia kulikoshindikana. Usihangaike kwanza na wingi wake; fungua tukio moja usome sababu. Msimbo 0xC000006A maana yake jina ni sahihi, nywila siyo. 0xC0000064: jina hilo halipo kabisa. 0xC0000234: akaunti imeshafungwa.

Ikiwa ni mhasibu peke yake, kosa ni 0xC000006A, na linajirudia kwa vipindi vinavyolingana, mathalani kila dakika 15, usimtafute mwizi kwanza. Mtafute mhasibu aliyebadilisha nywila akasahau mahali ilipohifadhiwa: kazi ya chelezo iliyopangwa kujiendesha usiku, folda iliyounganishwa kwenye kompyuta ya zamani, au simu inayovuta barua pepe. Kwenye seva kuu ya domeni, yaani inayosimamia akaunti za ofisi nzima, tafuta tukio 4740. Ndani yake limetajwa jina la kompyuta iliyosababisha akaunti kufungwa. Nenda kwenye kompyuta hiyo.

Sura ya hatari ni tofauti. Majina yanabadilikabadilika: admin, user, test, mengi yakiwa na 0xC0000064. Huyo anabahatisha kutoka nje, na mara nyingi chanzo ni mlango 3389 wa kuendesha kompyuta kwa mbali ulioachwa wazi kwenye intaneti. Ufunge leo, wanaofanya kazi wakiwa nyumbani wapitie VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi. Usidanganyike ukiona njia ni 3 badala ya 10: pale uthibitisho wa awali wa mtandao (nywila kuulizwa kabla skrini ya mbali haijafunguka) unapotumika, majaribio yaliyoshindikana ya kuendesha kwa mbali huandikwa 3.

Mjanja zaidi hujaribu nywila moja kwa akaunti zote, kisha hutulia saa kadhaa. Hakuna akaunti inayojifunga, na ukitazama akaunti mojamoja hutaona kitu. Programu ya ulinzi humnasa kwa kuhesabu ni akaunti ngapi zimeguswa kutoka anwani moja.

Kwangu mimi, tukio zito kuliko 4625 elfu moja ni 4624 moja, yaani kuingia kulikofanikiwa, kutoka anwani ileile iliyokuwa ikishindwa. Ukiiona, chomoa kompyuta hiyo kwenye mtandao lakini usiizime, kwa sababu ushahidi ulio kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, utapotea. Halafu badilisha nywila ukitumia kompyuta nyingine.

Hakikisha pia kwamba kufaulu na kushindwa vyote vinarekodiwa. Amri ni `auditpol /get /category:*`. Na ongeza ukubwa wa kumbukumbu ya matukio iitwayo Security. Kwenye kompyuta ya kawaida huja na MB 20, na mashambulizi ya usiku mmoja yanaweza kuijaza hadi yafute mwanzo wake yenyewe. Iweke GB 1.

Ripoti inasema niliingia saa 11:40 alfajiri. Mimi hufika kazini saa 2:30 asubuhi! Nimeandikiwa barua ya kujieleza.
*Mtumishi, Mombasa*

Uliingia saa 2:40 asubuhi, yaani 08:40. Windows hutunza muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele, kwa hiyo ripoti ikaandika 05:40. Aliyeisoma akaitafsiri kuwa saa 11:40 alfajiri. Mwombe afungue tukio lenyewe na aangalie kama mwisho wa muda kuna herufi Z. Hiyo ndiyo alama ya UTC.

Tumeweka uthibitisho wa hatua mbili kwa wote. Bado tunahitaji programu hii?
*Meneja, Kigali*

Ndiyo. Baada ya kuthibitishwa, kivinjari hupewa kuki inayokutambulisha, na virusi vya wizi huiba kuki hiyo badala ya nywila. Mwizi akiipachika kwenye kivinjari chake anaweza kuingia bila kuulizwa msimbo. Programu ya ulinzi humnasa pale kitu kisicho kivinjari kinapofungua hifadhi ya kuki. Likitokea, safisha kwanza kompyuta, kisha ondoa vikao vyote vilivyo wazi vya akaunti hiyo (yaani itoe kila ilikoingia), ndipo ubadilishe nywila. Ukibadilisha nywila pekee, huduma nyingine huacha kikao cha zamani kikiendelea, na mwizi yumo ndani.