Kabla ya Kumwekea Mtoto Daieti, Ongea na Wanaomlisha

Mzazi akiniuliza afanyeje ili mwanawe apungue, nami humuuliza: nani anampakulia? Mara nyingi si yeye. Ni bibi, ni dada wa kazi, ni shangazi wa Mwanjelwa ambaye haji mikono mitupu.

Kwetu Uyole, jijini Mbeya, watoto walikuwa wanakula sinia moja, wangu na binamu zao. Inapendeza kutazama, ila kaa karibu uone: wakubwa wanakata matonge ya nguvu, nyama inagombewa, na wangu wa miaka 8 kashajifunza kumeza bila kutafuna asije akapitwa. Mdogo wake, mpole, ananyanyuka na njaa. Sinia lile lile, mmoja ananenepa, mwingine anakonda. Tukaanza kumpakulia kila mtoto sahani yake, mboga ya kutosha, na anayetaka nyongeza anasubiri wenzake wamalize. Hakuna aliyeambiwa yuko kwenye daieti.

Mtihani ni mama mkwe. Ukimwambia "mama, mtoto asinywe soda," anasikia kwamba hajui kulea. Na hofu yake kwamba mtoto atakonda ina msingi. Nyanda za Juu Kusini tunavuna mahindi, viazi na maharage mpaka tunalisha mikoa mingine, lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa. Bibi akiona mashavu yamejaa, anamshukuru Mungu. Shida ni kwamba udumavu hupimwa kwa urefu kulingana na umri, hivyo mtoto anaweza kuwa kibonge na bado amedumaa. Macho hayatoshi. Akishavuka miaka 5 kadi ya kliniki inaingia kabatini na kumpima ndiyo basi tena. Mpelekeni kituo cha afya apimwe uzito na urefu kwa pamoja.

Kwa mama mkwe, mtume mwanawe. Mume wangu ndiye aliyemweleza kwamba chupa ya nusu lita ya kola ina takribani gramu 50 za sukari, zaidi ya vijiko 10 vya chai. Mimi nilimkabidhi mama cheo: maziwa mgando na parachichi za wajukuu ni idara yake, asiingiliwe. Sasa analinda idara hiyo kuliko waziri.

Hela ya shule nayo iangalie. Ukimpa buku, itaishia kwenye juisi za rangi na chipsi za getini. Mfungie kiazi kitamu au ndizi, hela punguza. Na kama shule si mbali na njia ni salama, bajaji ya nini? Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate walau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na kutembea kumo.

Jina la "Bonge" tumelipiga marufuku nyumbani, hata kwa wajomba wanaotania. Nimeona mtoto anayeitwa hivyo akikataa kula mbele za watu, kisha anakula kwa kujificha jikoni.

Ila mtoto akikoroma sana usiku, akihema kwa kupanda ngazi chache, au akipungua ghafla huku anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, hayo si ya kikao cha familia. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.